Kasi ya kompyuta isiunguze hesabu za duka

Huko Malukhu, eneo la viwanda la Mbale, kompyuta ya mezani ni daftari la mali inayovuka Malaba na Busia. Mfanyabiashara anayetaka kuikimbiza prosesa kupita kiwango cha kiwandani, eti kwa kuwa ameifungia kipozeo cha maji, afikiri mara mbili. Dereva wa lori anajua: rejeta hupoza injini, haipunguzi mzigo.

Kwanza ahakikishe prosesa inaruhusu. Za Intel kwa kawaida ni zenye herufi K. Anakili hesabu zake kwenye diski ya nje. Kisha aongeze kidogo kidogo, megahezi 100 kwa mara, aipe kazi nzito saa nzima, na joto likipita nyuzi 85 arudi nyuma. Volteji asiiguse ovyo. Pampu na mipira ikaguliwe, maana maji yakivujia madabodi ni hasara.

Hata hivyo, fomu za forodha hupita mtandaoni; zikichelewa, mara nyingi kosa si la prosesa. Fedha hizo zingefaa zaidi kununua diski ya SSD na betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Mwenye duka akipoteza orodha ya wadeni wake, kasi haitamrudishia.