Onyo kwanza, istilahi baadaye

Katika semina za istilahi tunabishana: "mfumo wa neva unaojiendesha" au "neva huru"? Kwangu mimi, tunaanzia mwisho. Tuchukue propranololi. Dawa hii ya presha na moyo huzuia ujumbe wa neva zinazoharakisha mapigo ya moyo bila sisi kuziamuru. Lakini inaweza pia kubana njia za hewa; ni hatari kwa mwenye pumu. Salbutamoli hufanya kinyume: hufungua njia hizo, ingawa pengine moyo hudunda mbio na mikono hutetemeka.

Karatasi iliyomo ndani ya boksi husema hayo kwa Kifaransa. Mama wa Katuba asiyekisoma anahitaji sentensi moja tu: "Kama una pumu, usimeze dawa hii kabla ya kumwambia daktari." Tuandike "pumu" au "asma"? Kamusi haiwezi kuamua; mama huyo anaweza.

Basi sisi wa lugha za Kiafrika tuandike maonyo hayo, wenzetu wa famasia wayahakiki, wagonjwa wayasome na kutueleza walichoelewa. Jina la mfumo linaweza kusubiri. Mwenye pumu hawezi.