Shule Ilitusahaulisha Fundi wa Jani

Hebu shika jani la sukuma wiki kabla halijaingia sufuriani. Shuleni tulikariri wimbo mmoja: jua, maji, gesi ya kaboni, umbijani, basi chakula tayari. Unaandika, unapewa alama, unasahau.

Kitu hatukuambiwa ni kwamba jua hilohilo linaumiza jani. Ndani ya seli za kijani mna kloroplasti, na ndani yake mna tando nyembamba za mafuta na protini, zimepangwa kama chapati kwenye sahani. Hapo ndipo mwanga unanaswa. Protini moja ya hapo, D1, huvunjwavunjwa na mwanga kila siku. Jua likiwaka sana, seli inaweza kuing'oa na kuweka mpya chini ya saa moja!

Na utando wenyewe nani anautunza? Kuna protini inaitwa VIPP1. Mwaka 2001 watafiti walieleza mmea mdogo, Arabidopsis, uliopungukiwa na protini hii: tando zake hazikujengeka vizuri. Molekuli za VIPP1 hushikana zikawa pete, zikaushikilia utando usije ukaachia. Mwaka 2021 ikabainika ni ya ukoo mmoja na ESCRT-III, protini ambazo hurekebisha tando kwenye seli zetu sisi binadamu. Kumbe wewe na sukuma mna mafundi wa ukoo mmoja!

Sasa mbona hili halifundishwi mapema? Nadhani ni ile tabia yetu ya kumsifu anayejenga na kumpuuza anayerekebisha. Ploti ikiwa mpya landilodi anapaka rangi hadi lango. Bomba likianza kuvuja, simu yake haishikiki.

Lakini jani halina anasa hiyo. Linalemewa pale uharibifu unapokimbia kuliko ukarabati, na joto au ukame huchelewesha ukarabati. Kwa nchi inayokula mahindi ya kutegemea mvua, hiyo si hadithi ya maabara, ni ugali.

Kwa hivyo walimu, na nyinyi mnaoandika vitabu, ongezeni ukurasa mmoja tu. Mwambieni mtoto kwamba jani si kiwanda kilichojengwa mara moja kikaachwa. Mafundi wako kazini hata saa hii. Pengine ndiye atakayekuja kutuzalishia mbegu yenye mafundi wepesi zaidi, lakini hawezi kutafuta kitu ambacho hajawahi kusikia kipo.