Nyonga Isiyoumwa

Sisi sote tumezoea kuyalaumu maumivu. Mtu akiumwa mguu twamhurumia. Asipoumwa twadhani ni mzima. Leo twataka kuwaeleza ugonjwa ambao kukosa maumivu ndiko hatari yake.

Tazameni kwanza nyonga ilivyoumbwa. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira, nacho huingia katika kikombe cha mfupa wa kiuno. Tutembeapo, nyonga hubeba mzigo unaopita uzito wa mwili mzima. Mishipa ya fahamu hukaa humo kama walinzi: ukikanyaga vibaya, habari hufika upesi katika uti wa mgongo, nawe wageuza mguu hata kabla ya kuwaza. Basi, walinzi hao wakifa, mwenye nyumba hulala huku ukuta wabomoka. Mtu aendelea kulima na kubeba kuni. Mfupa wakatika vipande vidogo vidogo, kile kichwa cha mviringo chasagika, hata mguu wapungua urefu. Ukimwuliza, ajibu: «Nachechemea tu, siumwi.» Pengine huumwa kidogo, lakini maumivu hayo hayalingani kamwe na uharibifu ulio ndani.

Aliyeeleza vema jambo hili ni mganga Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mwaka 1868, katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris. Wagonjwa wake walirusha miguu wakitembea na kupiga kisigino chini kwa kishindo. Wakisimama na kufumba macho, walipepesuka. Kiungo chao kilivimba ghafula, pasipo homa na mara nyingi pasipo maumivu. Uti wao wa mgongo ulikuwa umeharibika, na baadaye ikathibitishwa kwamba asili yake ni kaswende. Tena kaswende ya zamani, iliyoingia mwilini miaka kumi, ishirini au zaidi kabla ya hapo. Twalitaja neno hili wazi, ingawa wengine hawapendi lisomwe mbele ya watoto.

Lakini msimnyoshee kidole kila achechemeaye! Aliyevunjika uti wa mgongo kwa kuanguka kutoka juu ya mchikichi, au kwa ajali ya gari, naye aweza kupatwa na nyonga ya namna hii. Kisukari na ukoma pia huua mishipa ya fahamu, ila magonjwa hayo hupenda zaidi kuharibu nyayo. Hakuna mchawi wa kutafutwa hapa, na kila mwezi unaopotea katika kumtafuta ni mwezi wa kusagika kwa mfupa.

Na dawa? Penisilini, ambayo tangu mwaka 1943 imejulikana kuponya kaswende, huua vijidudu, lakini haifufui mishipa iliyokwisha kufa. Siku hizi waganga huweza kuondoa nyonga mbovu na kuweka nyingine ya chuma. Ila kwa wagonjwa hawa husitasita, kwani nyonga mpya isiyo na walinzi huteguka kwa urahisi. Mara nyingi hubaki kuupumzisha mguu, kutembea kwa magongo na kuutibu ugonjwa wenyewe usiendelee.

Kwa hiyo, mtu wa nyumbani mwenu akianza kuchechemea bila kuumwa, mpelekeni hospitalini upesi. Huko watampiga picha ya nyonga, watampima damu kwa ajili ya kaswende na sukari, na mganga atamwambia asimame wima, afumbe macho.