Ndoana na Mshipi: Maji ya Kasese na Bwera

Askari anayehamishiwa Kasese au Bwera, akiisha kupata nyumba na kuwaandikisha watoto shule, aghalabu huuliza swali moja: maji ya kuvulia yako wapi? Swali hilo ni la haki kabisa. Milima ya Rwenzori iko nyuma yake, maziwa mawili yako mbele yake, na siku ya mapumziko ni ndefu kwa mtu asiyependa kuimalizia kilabuni. Kwa hiyo juma hili, wapenzi wasomaji, tunaacha kando ushonaji na malezi ili tuzungumze habari za ndoana.

Katika nchi nyingine uvuvi wa ndoana ni mchezo wenye heshima kama kandanda. Wamarekani humpenda mno samaki wao aitwaye besi. Hushindana kumvua, humpima uzito, kisha humrudisha majini akali hai. Samaki huyo aliletwa hata Kenya, katika Ziwa Naivasha, mwishoni mwa miaka ya 1920, ili walowezi wapate mchezo waliouzoea. Sisi Uganda tunaye sangara, na wageni huja toka mbali kumtafuta chini ya maporomoko ya Murchison, ambako huweza kupita kilo 100. Lakini katika Ziwa Edward na Ziwa George hamna besi wala sangara. Mto Semliki, utokao Edward kwenda Ziwa Albert, una maporomoko ambayo sangara hawezi kuyapanda. Baadhi ya wavuvi huona hasara. Mimi naona ni bahati, kwani tunajua yaliyotokea Ziwa Victoria baada ya sangara kupandikizwa huko katika miaka ya 1950 na 1960: aina nyingi za nkeje zilitoweka. Nkeje wa Edward wangali wapo, na ndio chakula cha samaki wakubwa tunaowatafuta.

Nani basi ashike nafasi ya besi kwetu? Bila shaka ni kisinja. Huyu ni samaki wa magamba makubwa, mwenye nguvu za ajabu, na akishikwa na ndoana hukimbia na mshipi kama ng'ombe aliyekata kamba. Huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha hupanda mitoni kutaga mayai. Wenyeji wa Kyondo na Kisinga, ambao mashamba yao yanatazama bonde la Mto Nyamugasani, wana sababu ya kuujali mto huo, maana unashuka kutoka Rwenzori na kuingia Ziwa Edward. Chambo chake si cha gharama: nyungunyungu mnene, konokono aliyetolewa katika gamba lake, au wadudu wa majini. Mahali pazuri ni pale maji ya kasi yanapokutana na maji yaliyotulia, chini ya jiwe kubwa. Tupa juu ya mkondo, uache maji yenyewe yakichukue chambo.

Hata hivyo nina neno juu ya majira. Kisinja apandaye mtoni wakati wa mvua amebeba mayai. Anayezuia mto mzima kwa wavu au kwa mitego wakati huo anavua samaki wa mwaka huu na wa mwaka ujao kwa siku moja. Mwenye ndoana moja hawezi kufanya uharibifu wa namna hiyo, na hii ndiyo sababu mojawapo ya mimi kuisifu ndoana. Mito hii ya mlimani, kadhalika, hujaa kwa ghafula. Waliokuwa Kasese Mei 2013 na Mei 2020 wanajua Nyamwamba ulivyofanya Kilembe. Ukiona maji yamegeuka rangi na yameanza kuchukua vijiti na majani, kunja mshipi wako uondoke, hata kama jua linawaka hapo uliposimama. Mvua imekwisha kunyesha huko juu.

Juu ya Nyamwamba sitasema mengi. Ni mto mzuri kuutazama, lakini shaba ilichimbwa Kilembe tangu miaka ya 1950 hadi mapema miaka ya 1980, na mabaki ya mgodi yako kando ya mto. Madini yake huoshwa na kuingia majini. Chini ya mgodi mimi sitaki samaki wa kuwapa watoto. Mubuku ni mto mwingine, wenye mitambo ya umeme na mifereji ya kumwagilia mashamba. Hapo uliza kwanza.

Tushuke sasa ziwani. Ziwa George, ambalo Ikweta inalipitia, lina eneo la kilomita za mraba 250 hivi, lakini kina chake kwa wastani hakizidi mita mbili na nusu. Maji yake ni ya kijani kwa sababu ya mimea midogo isiyoonekana kwa jicho moja moja, na mimea hiyo ndiyo malisho ya ngege. Wataalamu waliolichunguza ziwa hili kuanzia miaka ya 1960 waligundua kwamba tumbo la ngege lina asidi kali inayoweza kuisaga. Ndiyo maana ziwa dogo hili lililisha watu wengi, na ndiyo maana katika miaka ya 1950 shirika la TUFMAC lilikuwa na kiwanda chake cha samaki pale Kasenyi. Lakini mtu mwenye ndoana aelewe: mnyama aliyeshiba majani hashawishiki upesi kwa nyungunyungu. Katika Hamukungu, Kahendero na Kasenyi ngege ni samaki wa nyavu. Ndoana hapo ni ya kambare, na ya yule samaki mrefu avutaye hewa juu ya maji.

Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu lugha hutuchezea. Waganda na majirani zao humwita samaki huyo emamba, Wakenya humwita kamongo, na katika Kiswahili mamba ni mnyama mwingine kabisa, mwenye meno ya kukukata mguu. Koplo mmoja akisema ameona mamba mwaloni, mwenzake apaswa kuuliza ni wa kuliwa au ni wa kula. Zamani swali hilo halikuwa na uzito, kwani maziwa haya mawili hayakuwa na mamba mla watu. Tangu mwishoni mwa karne ya 20 wamo, hasa katika Mfereji wa Kazinga. Mtu asikuambie leo yale aliyoambiwa na babu yake.

Mfereji huo, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, unaunganisha Ziwa George na Ziwa Edward, na penye daraja la Katunguru kila msafiri huutazama kwa tamaa. Semutundu wamo. Semutundu hana magamba, hula nkeje, na hutembea usiku karibu na sakafu ya maji. Kipande cha samaki mbichi chenye damu humvuta vizuri. Mshike kwa uangalifu, kwa maana miiba ya mapezi yake huchoma vibaya. Shida ni kwamba saa yake ya kula ndiyo saa ya kiboko kutoka majini kwenda malishoni. Kiboko ana njia yake aliyoizoea ukingoni, na akikukuta umesimama kati yake na maji, hafikirii mara mbili. Kwa hiyo mimi humshauri askari asivue jioni wala usiku ukingoni, hata akiwa na bunduki ya kazi, ambayo kwa vyovyote hakupewa kwa ajili hiyo. Asubuhi jua likiisha kupanda yatosha. Ukipata semutundu mmoja badala ya watatu, umerudi nyumbani.

Tena sehemu kubwa ya kingo hizi imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Malkia Elizabeth, iliyoanzishwa mwaka 1952. Vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kayanzi na Katunguru vina ruhusa yake na idadi ya mitumbwi iliyowekwa. Mgeni mwenye mshipi hana ruhusa hiyo kwa kuwa tu amevaa sare. Nenda kwa afisa wa uvuvi na kwa watu wa hifadhi, upate kibali, ukitembee nacho mfukoni. (Na ukifika Katwe usiulize samaki katika lile ziwa la chumvi. Hamna, na wenyeji wamechoka kucheka.)

Ziwa Edward lenyewe ni kubwa, zaidi ya kilomita za mraba 2,000, lakini sehemu yetu haifiki thuluthi moja. Mpaka wa majini ni mstari ulionyooka toka mdomo wa Mto Ishasha hadi mdomo wa Lhubiriha, mto ule ule upitao Mpondwe karibu na Bwera. Mstari huo haukuchorwa juu ya mawimbi. Upepo ukikusukuma, umekwisha kuwa Kongo. Julai 2018 wanamaji wa nchi hizi mbili walipigana risasi ziwani humo, na watu wakapoteza maisha. Askari aliye likizo ndani ya mtumbwi wa watu si mvuvi tu machoni pa upande wa pili. Avue karibu na pwani ya Kayanzi au Katwe, pamoja na mwenyeji ayajuaye maji, au asiingie.

Limebaki jambo ambalo wake wa wavuvi hulisema sisi tukiwa tumeondoka. Mwaka 2017 jeshi lilipewa kazi ya kulinda maziwa yetu dhidi ya nyavu haramu na samaki wachanga. Mvuvi akichomewa wavu asubuhi kwa kosa la matundu madogo, kisha jioni akamwona mtu mwenye sare akibeba ngege wa urefu wa kiganja, tena bila kulipa, ulinzi wote umepoteza maana. Watoto wa mvuvi nao hula kwa fedha ya samaki huyo. Ndoana yako ikileta mchanga, lowesha mikono, mtoe taratibu, umrudishe. Wamarekani hufanya hivyo kwa samaki mnono. Sisi hatushindwi kumfanyia mdogo. Na ukitaka samaki wa mvuvi, uliza bei.

Kwa mama wa nyumbani: kisinja ana miiba mingi membamba, basi mkate vipande vidogo, mtie chumvi na mbanike kwa moshi hadi akauke, kisha mchemshe polepole katika mchuzi wa karanga, aliwe na obundu kama Wakonzo wafanyavyo. Semutundu ana nyama laini na miiba michache. Huyo wapewe watoto wadogo, na kisinja waachiwe wakubwa wenye subira ya kuchambua.