Ukisema "Imeboesha", Maliza Sentensi

Hebu tuambiane ukweli kidogo, wasee. Kila nikiuliza hapa, "umetazama series gani juzi?", majibu huja mbio kuliko matatu ya Rongai. "Moto!" "Takataka." "Imeboesha." "Kumi kwa kumi." Halafu kimya. Ukimfuata mtu umuulize imeboesha aje, anakujibu, "Imeboesha tu." Sasa mtu wangu, hayo ni maoni ama umepiga chafya?

Msimamo wangu ni huu: hukumu peke yake si maoni. Maoni ni hukumu na sababu yake. Na sisi vijana tunaokesha na simu tumezoea kugawa hukumu kama peremende. Tunajinyima raha ya kubishana vizuri, halafu wanaoumia zaidi ni wale wanaojaribu kutengeneza vitu hapa hapa kwetu.

Kabla hujanirukia, sisemi tunyamaze. Kutazama hapa Kenya hakujawahi kuwa kazi ya kimya. Nani hamjui DJ Afro? Jamaa anachukua filamu ya Kihindi ama ya kung fu, anaweka sauti yake juu, anabatiza wahusika majina, anamcheka adui, anakuonya kabla ngumi haijafika. Watu wamelipa pesa kuingia vibanda vya video wakijua wanapata sinema pamoja na maoni juu yake. Hiyo ni shule yetu. Na ukisikiza vizuri, DJ Afro hakwambii tu filamu ni moto. Anakuonyesha ni wapi inawaka.

Sasa tuje kwa makosa yetu. La kwanza ni uvumilivu wa ubaguzi. Series ya nje ikianza polepole, tunaitetea kama wakili: "Vumilia, ikifika sehemu ya nne utanishukuru." Game of Thrones ilikuwa na majina hata ulimi unateguka, na bado tulikaa tukajua nani ni ndugu ya nani. Squid Game ilipotoka 2021 tuliitazama kwa Kikorea, macho yakikimbizana na maandishi chini ya skrini, na hakuna aliyelia ati lugha ni ngumu. Lakini ikija ya Kenya, mtu huyo huyo anajigamba, "Nilizima dakika ya tano." Kwani dakika ya tano ndiyo hakimu?

Chukua Country Queen. Ilifika Netflix Julai 2022, tamthilia ya kwanza ya Kenya kupewa nafasi hiyo huko. Sehemu 6 tu. Melissa Kiplagat anacheza Akisa, dada anayeandaa sherehe za watu Nairobi, ambaye anarudi kwao kijijini Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya madini inataka ardhi. Ndani yake watu wanaongea Kiswahili, Kiingereza na Kikamba, vile tu unasikia ukipanda gari ya kwenda Ukambani.

Maoni yangu? Nini Wacera kama Vivienne Sibala, mdosi wa hiyo kampuni, anatisha bila kupandisha sauti, na hiyo si rahisi. Kijijini hadithi inapumua: vumbi, wazee, ubishi wa ardhi, vyote unaviamini. Nairobi ndiyo shida. Kuna mahali watu wa ofisini wanaongea kama wanasoma barua ya benki. Na mapenzi ya Akisa na Max, mume wa Vivienne, yanakula muda ambao mimi ningeupea ile vita ya ardhi, juu hapo ndipo palikuwa na moto wenyewe.

Umeona? Nimeisifu na nimeikosoa, na sasa uko na mahali pa kunishika. Unaweza kuniambia, "Wewe hujui kitu, bila yale mapenzi Akisa angekuwa mtakatifu na hadithi ingekuwa mahubiri." Hapo tumeanza kuongea. Ningesema "ni mid", ungenijibu nini? "Mid ni wewe"? Mwisho wa mjadala, tulale.

Na tafadhali, sisemi tusifie kitu kwa sababu kimetengenezwa kwetu. Huo ni uongo na hausaidii mtu. Kama mvua imemeza maneno ya mwigizaji, sema. Kama kila mhusika anaishi nyumba ya Karen na hatuoni akienda kazi, uliza pesa inatoka wapi. Kuna vitu sisi tu ndio tunaweza kuona. Kumbuka Sense8, ile ya watu wanane duniani waliounganishwa akili. Mmoja wao, Capheus, ni dereva wa matatu hapa Nairobi, na gari lake limechorwa Jean-Claude Van Damme. Msimu wa kwanza alichezwa na Aml Ameen, Mwingereza. Baadaye akachukua Toby Onwumere, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mtu wa Seoul akiwasikiza anasikia tu Kiingereza cha Kiafrika. Mtu wa Umoja anasikia kwamba hakuna dereva wa hiyo rauti anaongea hivyo. Hayo ni maoni ya maana, na hakuna mwingine anaweza kuyatoa kwa niaba yako.

Kosa la pili ni kuhukumu series ambayo hukuitazama. Umeona vipande vitatu TikTok, umesikiza jamaa akiisimulia kwa dakika mbili, basi ushakuwa mtaalamu. Kuna series hilo haliwezekani kabisa. Adolescence ya Machi 2025 ni sehemu 4, na kila sehemu ilipigwa kamera mara moja bila kukata, mwanzo hadi mwisho. Nguvu yake yote ni kwamba haikuruhusu utoke. Kijana wa miaka 13, Jamie, anakamatwa alfajiri nyumbani kwao kwa tuhuma za kumuua msichana wa shule yao, na wewe uko ndani ya hiyo gari na yeye, njia nzima hadi kituo cha polisi. Ukiikatakata vipande, umetupa chakula ukabaki na sahani.

Hiyo Adolescence ndiyo imenifunza zaidi juu ya maoni. Binamu yangu wa kidato cha tatu aliitazama akaona simu: vile watu wanaweza kumdhulumu mtu kwa emoji na mwalimu hajui kinachoendelea. Mathe aliruka hayo yote. Yeye alikwama kwa baba, kwa ile sehemu ya mwisho, akiuliza mzazi anajuaje amekosea wapi. Rafiki yangu mmoja, msichana, akauliza swali lililotunyamazisha: mbona tunamjua Jamie hivi na hatumjui Katie, yule aliyeuawa? Kumbe hata ndani ya series kuna polisi mwanamke anayelalamikia jambo hilo hilo. Watu watatu, series moja, na kila mmoja alitoka na kitu ambacho wengine hawakukiona. Kama wote wangesema "moto" tukaenda kulala, binamu yangu hangejua mamake mdogo anaogopa nini, na mathe hangejua huyo kijana anapitia nini kwa simu yake.

Ndiyo maana nasema hili si jambo dogo. Kuna vitu huwezi kuanzisha tu mezani, "Mama, leo tuongee juu ya hasira yangu." Lakini unaweza kuongea juu ya Jamie. Series inabeba mzigo, wewe unapitia nyuma yake.

La tatu, na hili nitalisema haraka: mwigizaji si mhusika. Dada akicheza mke mwenye roho mbaya hadi ukatamani kurushia TV kiatu, amefanya kazi yake. Kumfuata kwa ukurasa wake umtukane ni kumlipa mtu mawe kwa kupika vizuri. Na la nne, acha kumwaga mtama. Si kila mtu alikuwa na data usiku ile ile. Kuna mtu anangoja mwisho wa mwezi, kuna mwingine anangoja aende kwa mjomba mwenye Wi-Fi. Mpe wiki moja. Sema vile ulijisikia, usiseme nani amekufa.

Najua kuna mtu ameshaandika jibu kichwani: "Bro, mimi si mhakiki. Nimetoka job nimechoka, pesa ni yangu, nataka tu kuburudika." Ni haki yako kabisa. Zima dakika ya tano, lala. Hakuna anayekudai insha. Lakini ukifungua mdomo mbele ya watu, sasa umeingia kwa mazungumzo, na maneno yako yanafanya kazi hata kama umechoka.

Yanafanya kazi gani? Netflix walipofuta Sense8 mwaka 2017, mashabiki kutoka kila pembe walipiga kelele hadi kampuni ikarudi nyuma na kutoa sehemu ndefu ya kumalizia hadithi, Juni 2018. Haikuwa kelele ya "moto" na "takataka". Watu walieleza ile series iliwafanyia nini. Na siku hizi mahesabu yako wazi: tangu 2023 Netflix huhesabu watazamaji kwa kuchukua saa zilizotazamwa na kuzigawa kwa urefu wa series. Ukizima mapema, hesabu inaona. Ukimaliza, inaona.

Lakini tuseme ukweli wa mtaani. Wengi wetu hatuonekani kwa hiyo hesabu. Ule mpango wa bure wa Netflix kwenye simu ulikuja 2021 ukaondolewa 2023. Tuliobaki tunabeba flashi hadi duka la movie, ama tunaomba nywila ya mtu. Sitamhubiria mtu hapa, maisha ni magumu. Ila fikiria hivi: kama hulipi na huhesabiwi, basi kitu cha pekee kinachoweza kumfikia aliyeandika, aliyeshika kamera, fundi wa sauti na yule aliyepikia kikosi chakula, ni maneno yako. Hiyo ndiyo risiti yao. Sasa ukimwandikia "takataka" bila sababu, atarekebisha nini? Na ukimwandikia "moto" bila sababu, atarudia nini?

Kwa hivyo naomba kitu kidogo. Usiandike kurasa. Andika sentensi moja yenye "juu" katikati. "Nimeipenda juu..." "Nimeizima juu..." Ukikwama, jiulize maswali matatu: Ni mhusika gani nimebaki nikimfikiria? Ni wapi niliacha kuamini? Na ningemwambia nani aitazame? Ukijibu moja tu, tayari umewashinda wale wa kumi kwa kumi.

Acha nianze, msiseme naagiza tu. Juzi nimemaliza Subterranea, ile ya Likarion Wainaina, jamaa aliyetupa Supa Modo. Watu wanaingia handakini kwa jaribio la kisaikolojia, halafu mambo yanaharibika. Nimeipenda juu kwa mara moja Wakenya kwenye skrini wameruhusiwa kuogopa kitu kingine mbali na kodi ya nyumba na mama mkwe. Mahali niliacha kuamini ni pale watu wanaeleza kwa mdomo kitu ambacho uso ulikuwa umeshasema. Ningemwambia nani aitazame? Yule rafiki yangu anayesema Kenya haiwezi hadithi za kisayansi. Atabisha, na mimi nangoja kwa hamu.

Wewe je? Taja series uliyomaliza juzi, ya hapa ama ya nje, halafu maliza sentensi.