Kesi ya nyani usimpelekee ngedere: kuchagua kichanganuzi cha USB

Nimechoka kuambiwa Wireshark inatosha. Kila mara kifaa cha USB kinapokataa kutambuliwa, hakosekani bwana mmoja wa kusema, "Washa usbmon, utaona kila kitu." Jamani, huoni kila kitu! Unaona tu kile ambacho tarakilishi imekubali kukuonyesha.

Hebu fikiria. usbmon inaishi ndani ya kerneli ya Linux. Inarekodi maombi ambayo draiva imekikabidhi kidhibiti cha USB, na majibu yaliyorudi. Pakiti iliyoharibika njiani ikatumwa tena, au kifaa kilichojibu NAK, yaani "ngoja, bado sina kitu", mara elfu moja, hayo huyaoni. Chipu ya kidhibiti huyamaliza kimyakimya. Sasa kama ugomvi ni kati ya tarakilishi na kifaa, mbona umfanye mmoja wao shahidi pekee? Matokeo tunayajua: mwandishi wa draiva anamlaumu mchora sakiti, mchora sakiti anailaumu draiva, na mteja anayengoja ndiye anayeumia.

Sisemi usbmon haifai. Ni ya bure, anza nayo. Lakini kifaa kisipotambuliwa kabisa, au kikikatika ovyo, nenda kwenye waya wenyewe. Kichanganuzi cha maunzi hukaa katikati, kikasikiliza pande zote mbili bila kusema neno.

Haya, ununue kipi? Usikimbilie cha bei kubwa. Uliza kwanza kasi ya kifaa chako. USB ina megabiti 1.5 kwa sekunde, 12, 480 (tangu USB 2.0 ya mwaka 2000), na gigabiti 5 (tangu USB 3.0 ya 2008). Arduino Leonardo na Raspberry Pi Pico zinatumia 12. Kwa hizo, Beagle USB 12 ya Total Phase inatosha. Kununua cha gigabiti 5 ni kukodi lori kubeba kilo mbili za sukari. Kwa 480 kuna Beagle USB 480, au Cynthion ya Great Scott Gadgets, ambayo michoro na programu zake ziko wazi. Na vile visanduku rahisi vya megahezi 24? Kwa 1.5 sawa. Kwa 12 unapata sampuli mbili tu kwa kila biti. Kwa 480, sahau.

Pili, uliza kumbukumbu. Hitilafu inayotokea mara moja usiku kucha itakupita ikiwa kichanganuzi hakiwezi kuzichuja NAK. Kitajaa takataka mapema. Tatu, uliza kama programu yake inakubali mfumo wako.

Ni ghali kwa mtu mmoja? Basi karakana na vyuo vyetu vichange, vinunue kimoja cha kuazimana. Kubahatisha ni ghali zaidi.