Maji ya mchezaji, maji ya mchimbaji



Kila siku ya kwanza, mbele ya kushuka kazini, mazungumzo yetu ni mpira tu. Nani alifunga, nani alikosa, kocha alichanganya wapi. Haiko mbaya. TP Mazembe, iliyozaliwa mwaka 1939 hapa kwetu, ilileta kombe la Afrika la kilabu bingwa mara 5, na mwaka 2010 ilifika fainali ya kilabu za dunia kule Abu Dhabi. Tuko na haki ya kujivunia. Lakini leo tunataka kusema juu ya kitu kimoja ambacho watu mingi wanaona kwenye televizyo na hawakijali: ile dakika mwamuzi anapuliza filimbi, mpira unasimama, na wachezaji wanaenda kando kunywa maji.

Watu wanasemaka ni huruma. Hapana. Ile ni hesabu, na nyuma ya hesabu iko sheria.

Mwaka 2014, kombe la dunia lilikuwa Brazil, fasi zingine na joto kali sana. Kabla mashindano hayajafika mbali, tribinali ya kazi ya kule Brazil iliamuru FIFA kusimamisha mechi ili wachezaji wanywe maji wakati joto linapofika 32. FIFA ilijibu kwamba tayari ilikuwa na utaratibu ule. Tuangalie vizuri: haikuwa tribinali ya michezo, ilikuwa tribinali ya kazi. Kwa macho yake, mchezaji ni mfanyakazi, na uwanja ni fasi ya kazi. Tarehe 29 mwezi wa 6, Uholanzi na Meksiko walipocheza Fortaleza, mechi ilisimamishwa kwa maji.

Ile 32 haiko joto la hewa tu. Wataalamu wanapima vitu vitatu. Cha kwanza ni termometre iliyofungwa kitambaa chenye maji: inaonyesha kama jasho linaweza kukauka, kwa sababu jasho linapokauka njo mwili unapoa. Cha pili ni termometre ndani ya mpira mweusi wa chuma: inashika moto wa jua na wa ukuta. Cha tatu ni termometre ya kawaida. Kiisha wanafanya hesabu ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuifanya. Tuseme ya maji inaonyesha 28, ya mpira mweusi 45, ya hewa 34. Wanachukua 28 mara 0,7, ni 19,6. Wanachukua 45 mara 0,2, ni 9. Wanachukua 34 mara 0,1, ni 3,4. Jumla ni 32. Muone vile hewa yenyewe ina sehemu ndogo kabisa. Kinachoua ni unyevu, pale jasho linatiririka na halikauki. Kwa mtu aliye chini ya ardhi, ambako jua halifiki, wanachukua 0,7 ya maji na 0,3 ya mpira mweusi.

Hesabu hii ilizaliwa miaka ya 1950 katika jeshi la Marekani, kwa sababu askari wapya walikuwa wanaanguka na kufa kwa joto wakati wa mazoezi. Na elimu ya mwili ndani ya joto, sehemu yake kubwa ilitoka migodini.

Katika migodi ya dhahabu ya Afrika ya Kusini, wachimbaji wapya, wengi wao wametoka Msumbiji, Lesotho na Malawi, waliingizwa katika chumba chenye joto na mvuke, wakapanda na kushuka hatua kwa masaa, siku kwa siku, mpaka miili yao izoee. Wataalamu wa chama cha wenye migodi walipima moto wa mwili na jasho lao. Haikufanywa kwa upendo. Matajiri walitaka dhahabu itoke bila watu kuanguka. Lakini elimu ilibaki. Mwaka 1969, wawili wa wale wataalamu, Wyndham na Strydom, waliandika juu ya hatari ya mtu anayekimbia marathoni bila kunywa maji ya kutosha. Wakati ule wakimbiaji walikuwa wanaona kunywa maji njiani ni udhaifu.

Kwa hiyo tunasema wazi: elimu hii ilipita kwanza katika mwili wa mchimbaji mweusi, kiisha ikaenda uwanjani. Leo imemfikia mchezaji, na kwetu hairudi.

Leo mchezaji anavaa kijaketi chenye kifaa kinachohesabu mbio zake na mapigo ya moyo. Katika kombe la Qatar la mwaka 2022, hata ndani ya mpira walitia kifaa kilichotuma habari mara 500 kwa sekunde. Vifaa hivi vinatumika na batri, na kobalti inayoingia katika batri za dunia, sehemu kubwa inatoka udongo wetu. Dunia inajua kupima mwili wa mtu. Lakini sisi tunapimwa tani tu.

Wakubwa wa kazi watatuambia: mapumziko yanakula uzalishaji. Tuwarudishe Fortaleza. Uholanzi walikuwa wamefungwa 1-0. Katika mapumziko ya pili ya maji kocha aliwapanga upya, na mechi iliisha 2-1 kwa faida yao. Mtu aliyepoa anaona vizuri, mkono wake hautetemeki juu ya mashine. Ajali moja inakula siku nyingi kuliko dakika za maji.

Na tusidanganywe kwamba 32 ni mpaka wetu pia. Mchezaji anakimbia dakika 90. Sisi tunafanya zamu nzima. Kwa kazi ya nguvu, kanuni za kimataifa zinaweka mpaka karibu na 26, hata kwa mtu aliyezoea joto.

Tunaomba nini? Code du travail ya mwaka 2002 inatambua delegasyo ya sindika na komite ya usalama na usafi kazini. Basi madelege waandike katika mkutano ujao: kipimo cha joto kwenye kila fasi ya moto, na kaye ambamo namba inaandikwa kila zamu mbele ya delege. Namba ikipita mpaka, kazi isimame kidogo, bila kukata mshahara. Maji baridi karibu na kazi, siyo ku biro. Na mtu mupya asipewe kazi nzima siku ya kwanza: aanze na sehemu moja ya tano, na kila siku aongezewe sehemu moja, mpaka mwili uzoee.

Wachimbaji wa mikono hawana biro ya kuandikia, na wao tunawaambia hivi. Mwenzenu akianza kuyumba, kusema maneno bila mpango, ao kukasirika bila sababu, msingoje. Mtoeni kwenye joto, mmwagieni maji mwili mzima, mpepeeni, huku mwingine anatafuta gari. Kupoza kwanza, safari ya hospitali baadaye. Na ba mama, mtu akirudi nyumbani na kichwa kinauma na mkojo mweusi, asiende kazini kesho kama vile hakuna kitu.

Siku ya yenga ijayo tutaangalia mpira tena. Mwamuzi akipuliza filimbi ya maji, tukumbuke kwamba ile filimbi tribinali ya kazi iliitia nguvu ya amri. Na yetu tutaidai ku meza, na kaye mkononi.